Mgeni Rasmi wa Saa Mbili

Javan Shitanda alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa alipoiona riziki yake imebandikwa ukutani, kati ya kioo cha kinyozi na kalenda ya mwaka juzi.

Lilikuwa tangazo la Shule ya Msingi ya Upeo, hapo hapo mtaani Umoja. Wazazi, walezi na wapenda maendeleo wote walikaribishwa kwenye Siku ya Ushirikiano, Ijumaa, saa mbili asubuhi. Ofisi ya elimu ingejenga jiko la kupikia watoto wa chekechea uji. Jamii nayo ingetoa mbuzi sita wa maziwa, ili uji usiwe maji ya rangi. Mgeni rasmi, afisa mpya wa ushirikiano, angewapokea mbuzi hao mbele ya wananchi.

Javan alilisoma tangazo mara mbili. Hakuguswa na uji, wala na watoto, wala na ushirikiano. Aliguswa na hilo neno la kuwapokea mbuzi, akahisi mate yanamjaa mdomoni.

"Huyu afisa mpya mnamjua?" akamuuliza kinyozi.

"Tumjue wapi? Si ni mpya. Hajakanyaga hapa hata siku moja."

"Basi malizia hicho kichwa. Na unikate kama mtu wa ofisi."

Tumtendee haki Javan: hakuwa mvivu. Kazi alizipenda, ila alipenda zaidi zile ambazo jasho lake linamtoka mtu mwingine. Aliwahi kuuza kiwanja kilichokuwa katikati ya mto, na mnunuzi alipolalamika, akamwambia ndiyo faida yake, maji yako karibu. Aliwahi kuuza tikiti za mkutano wa maombi ambao kiingilio chake kilikuwa bure. Na katika maisha yake yote hajawahi kulala selo zaidi ya usiku mmoja mfululizo, jambo alilolitaja kwa fahari kama vile wengine wanavyotaja shahada.

Kutoka kwa kinyozi alikwenda moja kwa moja Kiamaiko, kwa Muriuki, mfanyabiashara wa mbuzi mwenye shingo nene na subira nyembamba.

"Niaje, Muriuki."

"Poa. Lakini kama umeniletea story, visu zote nimenoa leo."

"Nimekuletea mbuzi, buda. Mbuzi za ofisi, zinaenda na bei ya kutupa."

"Tangu lini ofisi ikawa na mbuzi?"

"Ni mradi. Mradi umebadilishwa jina, mbuzi zimebaki bila kazi. Wewe kuja na pikapu Ijumaa saa sita, pale Upeo, ubebe."

Muriuki akakuna kidevu. Alijua Javan ni mwongo, watu wote wa Eastlands walijua, lakini bei ya kutupa ina namna yake ya kumziba mtu masikio.

"Na wewe unataka nini?"

"Suti tu. Mbuzi ya ofisi haiwezi toka kwa mtu wa shati. Lazima mtu aone suti."

Kulikuwa na suti moja tu katika maisha ya Muriuki. Ilikuwa ya rangi ya krimu, ilining'inia nyuma ya mlango ndani ya mfuko wa nailoni, na ilichaguliwa na mchumba wake, Wangeci, ambaye alizunguka mji mzima wiki mbili kuitafuta. Jumamosi hiyo walikuwa wanafunga ndoa.

"Hiyo ni ya harusi, Javan. Naoa Jumamosi!"

"Na mimi naitaka Ijumaa. Saa sita ukikuja kuchukua mbuzi, unaichukua na suti yako. Hata itakuwa imepata hewa."

Muriuki aliitoa suti, pamoja na viatu na tai yake, kama mtu anayetoa jino. "Ikirudi na doa," akasema, "hata doa moja..." Hakumaliza. Aliangalia tu ile kulabu ya kutundikia nyama, na Javan akaelewa vizuri sana.

Ijumaa ilipofika, Javan alikuwa kwenye lango la shule saa mbili kamili. Nasema kamili. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu: viatu vinang'aa, tai imekaa, chini ya kwapa faili lenye magazeti ya zamani ndani, na usoni ile sura ya mtu aliyechoshwa na mikutano. Alijua kwamba tapeli mbaya huchelewa na tapeli mzuri huheshimu kazi.

Lango lilikuwa bado limefungwa kwa mnyororo. Hema la wageni lilikuwa limelala chini, viti viko juu ya mkokoteni, na mama mmoja aliyejifunga leso alikuwa anafagia. Huyo alikuwa Kaluki, mwenyekiti wa wazazi, ambaye watu humwita Mama Mwongeli. Mbali kidogo, rafiki yake Asenath, muuza nguo za mitumba mwenye sauti inayosikika hadi barabara ya Outer Ring, alikuwa anapigana na nguzo ya hema.

"Hamjambo akina mama," Javan akasema. "Mimi ni Dakta Shitanda kutoka ofisi ya elimu. Mgeni rasmi."

Mama Mwongeli aliacha kufagia. Akamtazama Javan. Akatazama simu yake. Akalitazama jua, labda simu imeharibika.

"Saa hii ni saa mbili," akasema.

"Saa mbili kamili, mama."

"Kamili," akarudia polepole, kama anayeonja mchuzi kujua umekosa nini. "Subiri kidogo, mheshimiwa, tukutafutie kiti."

Akaenda kwa Asenath na kumnong'oneza. Asenath akaishika ile nguzo aliyokuwa anapigana nayo, akaikumbatia, akacheka mpaka hema likatetemeka. Javan aliona na akafurahi, maana wanawake wachangamfu, alivyojua yeye, hudanganyika upesi.

Lakini Mama Mwongeli hakuwa na moyo wa kucheka sana asubuhi hiyo. Mbuzi waliofungwa nyuma ya darasa la chekechea walikuwa watatu, si sita. Wazazi walikuwa wamejinyima na kujikuna mpaka mwisho, na watatu ndio waliopatikana. Barua ya ofisi ilikuwa wazi: mbuzi wakiwa chini ya sita, jiko litapelekwa shule nyingine. Mjukuu wake mwenyewe alikuwa chekechea, na kila siku alikwenda darasani na chai ya rangi tumboni, akarudi amesinzia na uso wa mzee. Jambo hilo lilimuuma. Lilimuuma usiku akijigeuza kitandani na lilimuuma mchana akifagia, na sasa Mungu alikuwa amemletea mwanamume mzima ndani ya suti nzima.

"Mama Ayuma," akamwambia Asenath, "una maiki?"

"Ninayo."

"Basi leo usiiachilie."

Wazazi walipojaa, mwalimu mkuu, Mwalimu Job, alisimama wima kama bendera. Huyu alikuwa mtu mwema aliyeamini kila mtu mwenye faili. Alimkaribisha Dakta Shitanda, akawatambua waliokuwapo, akawatambua waliotuma udhuru, akawatambua ambao wangekuwapo kama wasingekufa, halafu akasema itifaki imezingatiwa na kuanza hotuba upya. Javan aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa nyuma ya darasa, ambako kitu kilikuwa kinalia mee.

Zamu yake ilipofika, alizungumza vizuri. Hilo hatuwezi kumnyima. Alisema ushirikiano ni ushirikiano. Alisema mtoto wa leo, kesho atakuwa mtoto wa jana. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ilisikika kama ina maana. "Na kwa hayo machache," akamalizia, "niko tayari kuwapokea mbuzi wote. Gari la ofisi linakuja saa sita kuwachukua, wakakaguliwe."

"Haleluya!" Asenath akapaza sauti. "Lakini mheshimiwa, wewe ni mtu wa ofisi, unajua utaratibu. Mbuzi hawapokelewi na mikono mitupu. Mgeni rasmi ndiye anafungua harambee. Si ndio, wazazi?"

"Ndioo!" wazazi wakaitika.

Javan akapapasa mifuko kwa ufundi. "Bahasha yangu, kwa bahati mbaya, imebaki kwa gari."

"Hakuna shida," akasema Mama Mwongeli kwa upole. "Wewe toa chochote ulicho nacho, sisi tutakipiga mnada. Na kwa kila kitu unachotoa, tunakukabidhi mbuzi mmoja papo hapo. Huo ndio ushirikiano wetu. Nipe nikupe."

Ndani ya kichwa cha Javan, kile kilichonyolewa kama cha mtu wa ofisi, hesabu ilipita haraka. Koti moja, mbuzi mmoja. Muriuki angefoka, ndiyo, lakini mtu mwenye mbuzi hakosi cha kununulia koti. Akavua.

"Koti la Dakta!" Asenath akalipeperusha juu. "Hebu ona kitambaa! Hii si mtumba wa Gikomba, mimi najua za Gikomba! Litauzwa baadaye. Mpeni mheshimiwa mbuzi wake!"

Wakamshikisha kamba, na mwisho wa kamba mbuzi wa kwanza, mweupe, akaionja kola ya koti mkononi mwa Asenath, kisha akaanza kutafuna kona ya faili. Umati ukashangilia. Javan akaona utamu wake, akavua viatu. Akashikishwa kamba ya pili.

Hapo akasita, maana kilichobaki cha maana kilikuwa suruali.

"Mheshimiwa anaona haya," akasema Asenath kwenye maiki. "Mvisheni leso!"

Wamama wakamzunguka na vigelegele, wakamfunga leso kiunoni, nyingine mabegani, wakamsindikiza nyuma ya darasa na kumrudisha akiwa mwepesi zaidi. Alitoka akiwa pekupeku, na leso ya maua ikimpiga magotini. Lakini mkononi alikuwa na kamba tatu na moyoni alikuwa mtu mwenye mbuzi watatu, na uso wake ukawa na furaha ambayo ni vigumu kuieleza kwa mtu aliyevaa suruali.

"Wengine watatu wako wapi?" akamnong'oneza Mama Mwongeli.

"Wanakuja," akajibu Mama Mwongeli, na kama utakavyoona, huyu mama hakusema uongo hata mara moja siku hiyo.

Akamfanyia Asenath ishara. Asenath akashusha sauti, akaifanya ya kanisani. "Na sasa ndugu zangu, wakati tuliokuwa tukiungoja. Mgeni rasmi amekabidhiwa mbuzi na jamii. Mgeni rasmi sasa, kwa niaba ya ofisi, anaikabidhi shule!"

Watoto wa chekechea wakaanza kuimba. Mwalimu Job, machozi yakimlengalenga, akasonga mbele, akaichukua mikono ya Javan yote miwili, akaitikisa, na alipoiachilia kamba zote tatu zilikuwa upande wake. Kila anayejua sherehe zetu anajua kwamba mgeni rasmi hupewa mkasi ili akate utepe, si ili aende nao nyumbani. Javan peke yake ndiye hakuwa amewahi kukaa mpaka mwisho wa sherehe.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "na mbuzi zangu?"

"Zako zipi?"

"Si mmenikabidhi?"

"Tumekukabidhi. Na wewe umekabidhi shule. Umepigiwa makofi."

Wakati huo honi ikalia langoni. Ilikuwa saa sita, na Muriuki, tofauti na maafisa, alikuwa mtu wa kushika saa. Nyuma ya pikapu yake walikuwa wamesimama mbuzi watatu aliowanunua asubuhi. Alikuwa ameacha nafasi ya kutosha kuongeza wengine. Akaingia uwanjani na koti lake jeupe la bucha, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa koti la krimu likipunga hewani mkononi mwa mwanamke asiyemjua.

"Nani anaanza?" Asenath alikuwa anauliza. "Koti la heshima!"

"Gunia la makaa!" akaita mzazi mmoja.

"Mabati mawili!"

"Hiyo ni koti yangu!" Muriuki akanguruma.

"Pole baba, hii imetolewa na Dakta kwa moyo mweupe. Ukiitaka, taja dau."

"Dakta gani? Javan! Toka hapo kwa leso, nakuona!"

"Kumbe anaitwa Javan," akasema Mwalimu Job, amependezwa. Alidhani ni jina la ubatizo.

Muriuki akatoa simu. "Mimi naita polisi. Huyu mtu ni mwizi, na nyinyi mnauza mali ya wizi!"

"Ita," akasema Mama Mwongeli. Alikuwa amekwisha kusogea, mkono mmoja kiunoni. "Ita, mwanangu. Na wakikuja uwaelezee pia hiyo pikapu yako ilikuja hapa shuleni kubeba nini."

Muriuki akageuka kuitazama pikapu yake. Simu ikaita mkononi mwake kabla hajabonyeza chochote, akaiangalia kama nyoka. Akaipokea.

"Eh, Wangeci... Suti? Iko sawa, mpenzi... Hapana, haiko nyumbani, iko... iko kwa watu. Wanaipiga... wanaipiga pasi."

"Mabati matatu!" mtu akaita nyuma yake.

"Hizo ni kelele za dobi!" Muriuki akasema, akakata simu, na jasho likamtoka shingo yote ile.

"Mabati matatu mara ya kwanza," akaimba Asenath. "Mara ya pili..."

"Mbuzi!" Muriuki akapiga kelele. "Natoa mbuzi!"

Uwanja mzima ukashusha pumzi. Mama Mwongeli akaenda mwenyewe kwenye pikapu, akainama, akakagua chini ya mbuzi wote watatu, akarudi akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Wote walikuwa majike.

Koti likaenda kwa mbuzi wa kwanza. Viatu vikamletea Muriuki shida, kwa sababu mzazi mmoja mwenye harusi ya dada yake alivipenda kikweli na akafika mpaka kitanda na godoro, lakini mwishowe vikaenda kwa mbuzi wa pili. Suruali, ambayo Asenath aliitangaza kama suruali iliyokaliwa na ofisi, ikaenda kwa wa tatu bila upinzani, ila Muriuki alikataa kuishika mpaka ikunjwe ndani ya gazeti. Tai Muriuki aliachiwa bure, kama asante.

Sasa mbuzi walikuwa sita.

Muriuki hakuondoka. Alikwenda langoni, akakaa juu ya boneti ya pikapu na suti yake mapajani, akatoa kisu kidogo, akaanza kukinoa kwenye ukingo wa lango huku akimtazama Javan. Hakuwa na haraka. Harusi ilikuwa kesho.

Saa nane na ushee, watu wamekwisha kula na viti vimeanza kurudishwa kwenye mkokoteni, gari likaingia kwa vumbi. Akashuka mwanamke mwenye miwani ya jua, chupa ya maji mkononi, akiongea kwenye simu. Aliongea mpaka akamaliza. Kisha akatazama huku na huku kama mtu aliyewahi mno.

"Mimi ni Nthoki, afisa wa ushirikiano," akasema. "Nimechelewa?"

"Aaa wapi, Madam!" wakaitika wazazi wote, na nyuso zikawaka. "Umefika kwa wakati!"

Madam Nthoki akahesabu mbuzi kwa kidole. Sita. Akahesabu tena, maana shule nyingi alizozitembelea zilimwonyesha mbuzi mmoja mara sita. Akatabasamu, akatia saini palepale juu ya mgongo wa Mwalimu Job, aliyeinama kwa furaha. Jiko likawa la Upeo. Mama Mwongeli alijifunika uso kwa ncha ya leso, na safari hii hakuwa anaficha kicheko.

"Na huyu?" Madam akauliza. Chini ya hema lililoanza kubomolewa alikuwa amekaa mwanamume pekupeku aliyevaa leso mbili.

"Huyo ni mlezi wetu," akasema Asenath.

"Mlezi wa shule?"

"Wa mbuzi, Madam. Atakuwa akiwalisha na kuwakamua. Amejitolea mwenyewe."

Javan akainua macho. Akatazama lango, ambako kisu kilikuwa kinaenda na kurudi. Akatazama mbuzi, waliokuwa ndani ya ukuta mrefu wenye chupa zilizovunjwa juu yake. Katika maisha yake alikuwa amewahi kujitolea mara nyingi kwa maneno, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza kumaanisha.

"Nimejitolea," akasema. "Hata naweza kuanza sasa. Hata naweza kulala hapa."

Alilala hapo, kwenye stoo ya majembe, na akaendelea kulala hapo, kwa sababu ndoa haikumpoza Muriuki kama watu walivyotarajia. Wangeci aligundua kwenye picha za harusi kwamba kola ya suti imetafunwa na mbuzi, na kila alipoiangalia picha hiyo, Muriuki alipita Umoja na pikapu, polepole, kioo kimeshushwa.

Jiko lilipokamilika, uji wa kwanza ukapikwa, mzito, mweupe, na mjukuu wa Mama Mwongeli akanywa vikombe viwili na kuomba cha tatu. Javan alisimama pembeni na ndoo, akajifanya hajali. Alikuwa anakunywa kikombe kimoja cha maziwa kila asubuhi bila kuruhusiwa, na alikiita kodi ya ushirikiano.

"Mama Mwongeli," akasema siku hiyo, "niambie ukweli. Suti ilikaa?"

"Ilikaa."

"Hotuba?"

"Hotuba ilikuwa nzuri. Hata leo sijaielewa."

"Sasa mlinijuaje?"

Mama Mwongeli akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Ulikuja saa mbili."

"Si tangazo lilisema saa mbili?"

"Lilisema. Miaka yote nimekuwa mwenyekiti, limekuwa likisema saa mbili. Wewe ndiye mgeni rasmi wa kwanza kulisoma."

Kesho yake, akiwa amejifunza, Javan aliamka jua likiwa juu, akanyoosha mgongo, akatokea kwa mbuzi karibu saa sita na ile sura yake ya mtu aliyechoshwa na mikutano. Mbuzi wote sita walikuwa wanapiga kelele, viwele vimejaa. Mama Mwongeli alikuwa amesimama kati yao na ndoo tupu, na nyuma yake foleni ya chekechea, vikombe mkononi.

"Nimechelewa?" Javan akauliza.

"Mbuzi hawana itifaki, Dakta," akasema Mama Mwongeli, akamtupia ndoo. "Kesho saa kumi na moja alfajiri. Kamili."